Wajina Wawili na Herufi Moja

Mwezi Juni mwaka 1899 Winston Churchill alimwandikia barua Winston Churchill. Mmoja alikuwa London, mwingine alikuwa Marekani, na walikuwa hawajapata kuonana. Barua yenyewe ina adabu ya kizamani. Mwandishi hajiiti "mimi", anajitaja kwa jina, kisha anamtaja anayemwandikia, jina lilelile. Ukiisoma haraka utadhani mtu kasimama mbele ya kioo anajipa mkono.

Shida ilikuwa hii. Kijana wa London alikuwa ameandika riwaya iitwayo Savrola, nayo ilikuwa ikitoka kwa mfululizo katika jarida la Macmillan's Magazine. Mara watu wakaanza kumpongeza kwa riwaya yake nzuri. Akafurahi, kama ambavyo wewe na mimi tungefurahi, mpaka alipong'amua kwamba riwaya inayosifiwa si yake. Ilikuwa Richard Carvel, na aliyeiandika ni Mmarekani mwenye jina lake.

Leo ukisema Winston Churchill, kila mtu anamwona yule mzee mnene wa sigara kubwa na vidole viwili hewani. Mwaka ule mambo yalikuwa kinyume. Mmarekani ndiye aliyekuwa na jina. Alizaliwa St. Louis, Missouri, mwaka 1871, akasoma chuo cha wanamaji cha Annapolis na kuhitimu mwaka 1894, kisha akaiacha bahari akashika kalamu. Richard Carvel ilikuwa inagombewa madukani kote Marekani. Mwingereza alikuwa na miaka 24, ofisa aliyetoka jeshini juzijuzi, mwenye kitabu kimoja tu cha maana, habari za vita vya mpakani India alivyovishuhudia. Mkubwa alikuwa mtunzi wa riwaya, mdogo alikuwa mwandishi wa mambo ya kweli, na mdogo ndiye aliyebisha hodi.

Alichokiomba ni kidogo. Hakumwambia mwenzake abadili jina, wala hakutaja wakili. Alisema kwamba kuanzia hapo yeye mwenyewe atatia saini Winston Spencer Churchill, ili wasomaji wasichanganye. Mmarekani akajibu mwezi huohuo kwa shukrani, akaeleza kwamba yeye hakubahatika kupewa jina la ziada, na kwamba angekuwa nalo angelitumia yeye. Mambo yakaishia hapo. Spencer baadaye likafupishwa likawa herufi moja, na ndiyo maana hata leo kwenye vitabu vya waziri mkuu huyo unakuta Winston S. Churchill. Hiyo S ni masalia ya maelewano ya watu wawili walioamua kutogombana.

Nimeirudia habari hii mara nyingi kwa sababu na mimi nina wajina. Jina langu na la baba yangu ukilitamka kwa sauti kwenye kituo cha daladala Kariakoo, watageuka watu kadhaa, na hakuna atakayekuwa amekosea kugeuka. Nililelewa kujua kwamba wajina ni ndugu wa bure. Pwani humwita somo, na somo hukutania, hukuomba soda, humwita mama yako mama bila kuomba ruhusa. Mtoto aliyepewa jina la babu yake hupata heshima ya babu akiwa bado anatambaa. Bibi humwita "mume wangu" na nyumba nzima hucheka. Jina kwetu halikuwahi kuwa shamba lenye hati. Lilizunguka katika ukoo, likashuka, likapanda, likaazimwa na jirani.

Lakini ukianza kuandika, jina linakuwa kitu kingine. Kuna mwaka ofisi moja niliyoiandikia makala ilituma malipo yangu kwa mtu mwingine kabisa, naye pia mwandishi, ila yeye anaandika vitabu vya ufugaji wa kuku. Simu yangu ikaita jioni. "Wajina, shikamoo. Mimi ni wewe." Nikakaa kimya nikidhani ni matapeli. Akacheka, akasema hela imeingia kwenye M-Pesa yake na ujumbe unamshukuru kwa makala ya fasihi, na yeye fasihi aliiacha kidato cha nne. Akanirudishia yote, tena akakataa nimpe hata ya maji. Sikumjua kabla ya siku hiyo. Angeweza kunyamaza, na mimi ningemalizana na ofisi ile kwa maneno makali.

Miaka baadaye nikasoma kwamba hata wale wawili yaliwakuta. Desemba 1900 Mwingereza alikwenda Marekani kutoa mihadhara, na walipokutana Boston, mwenyeji akamwandalia mgeni karamu ya vijana. Mgeni aliandika baadaye kwamba barua zake zote zilipelekwa kwa mwenyeji, na bili ya karamu ikaletwa kwake yeye mgeni. Kasoro zote mbili zilirekebishwa upesi. Katika safari hiyo, inasimuliwa, Mwingereza alimshauri mwenzake aingie kwenye siasa: yeye alikusudia kuwa waziri mkuu wa Uingereza, na ingekuwa burudani kubwa kama wakati huohuo rais wa Marekani angeitwa Winston Churchill.

Ilisemwa kwa mzaha, lakini kumbe wote wawili waliusikiliza. Mmarekani aliingia kwenye baraza la kutunga sheria la jimbo la New Hampshire, na mwaka 1906 akautaka ugavana akipambana na nguvu za kampuni ya reli iliyokuwa imelishika jimbo mkononi. Mwaka huohuo akatoa riwaya, Coniston, kuhusu bosi wa siasa na namna watu wa reli walivyonunua kura. Ugavana akaukosa. Akajaribu tena mwaka 1912, akaukosa tena. Akarudi kwenye kalamu, na baada ya vita kuu ya kwanza akajitenga na umaarufu, akawa mtu wa kuchora picha na kutafakari dini. Mwingereza naye alichora picha, kwa bidii ileile. Sijui nicheke au nishangae.

Mwingereza alikuwa ameshapanda ngazi. Miezi michache baada ya ile barua alikwenda Afrika Kusini kuandika habari za vita vya Makaburu, akatekwa, akatoroka, na gazeti gani halikuliandika jina lake? Mwaka 1900 akawa mbunge. Mwaka 1907, akiwa naibu waziri wa makoloni, aliteremka Mombasa. Alipanda treni ya reli ya Uganda, akakaa kwenye benchi lililofungwa mbele kabisa ya injini ili atazame nyika na kuwinda kwa raha zake, akafika Nairobi, akaenda ziwani na Uganda, kisha akashuka na mto Nile kuelekea kaskazini. Mwaka 1908 akatoa kitabu cha safari hiyo, My African Journey.

Kitabu hicho ndicho kinachonifanya nifikiri zaidi kuhusu hadithi na mambo ya kweli. Kiko upande wa mambo ya kweli, hakina mhusika wa kubuni. Hata hivyo, humo bara letu limewekwa katika sura ambayo watu wa Mombasa na Kampala wa wakati ule wasingeitambua kuwa yao. Watu wengi hawana majina humo. Maporomoko ya maji pale Jinja aliyatazama akaona nguvu inayomwagika bure, akashauri yafungwe yafanye kazi. Na kweli, bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954 yeye akiwa waziri mkuu. Lakini ni yeye pia aliyekuwa waziri mkuu mwezi Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa Kenya, na watu wakafungiwa kambini kwa maelfu. Mkikuyu aliyepitishia ujana wake kizuizini hawezi kulisikia jina Churchill kama alisikiavyo Mwingereza. Na yule mtunzi wa riwaya wa New Hampshire, aliyekwisha kufa mwaka 1947, hana hata sehemu ya msumari katika kambi zile. Ila jina ni lake pia.

Majina hayakai yalipowekwa, wala hayamngoji mwenyewe. Mwulize kijana wa Nairobi leo Churchill ni nani. Huenda asikutajie waziri mkuu wala mtunzi wa riwaya. Atakutajia Daniel Ndambuki, mchekeshaji aliyelichukua jina hilo akalipeleka jukwaani na kwenye televisheni, akawatoa wachekeshaji chungu nzima. Mimi naona hilo ni kisasi kizuri kuliko vyote: jina lililotisha likafanywa la kuchekesha.

Sasa nieleze nilivyokutana na yule Mmarekani, maana sikumtafuta. Ilikuwa kwa muuza vitabu vya mitumba, Posta, Dar es Salaam, wale wanaotandika vitabu barazani kuanzia vya sheria hadi vya mapishi. Nikaona jalada gumu lililofifia, pembe zimetafunwa na mende, The Crisis. Jina la mwandishi ndilo lililobaki linang'aa, na ndilo lililopandisha bei.

"Hicho cha waziri mkuu mwenyewe, bosi. Cha vita," akaniambia muuzaji.

Hakuwa amesema uongo wote. Waziri mkuu aliandika kweli juzuu za vita kuu ya kwanza zenye jina linalofanana na hilo, The World Crisis, zilizoanza kutoka mwaka 1923. Nikafungua ukurasa wa jina. Winston Churchill, basi. Nikamwonyesha kwamba S haipo.

"S gani tena, mzee?"

Nikamweleza kwa kifupi, barua, Spencer, Mmarekani. Akakichukua kitabu, akakipindua mbele na nyuma kama anayeangalia samaki kama ameoza, kisha akanirudishia. "Basi chukua kwa bei ya huyo mwingine."

Kwa hiyo najua tofauti ya bei kati ya Churchill na Churchill, na kwa kweli haikuwa kubwa. Nikakisoma. Kilitoka mwaka 1901, na ni riwaya ya mapenzi na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mji wa St. Louis ukiwa umegawanyika nyumba kwa nyumba. Lincoln anaingia humo, Grant na Sherman pia. Ina kasoro za wakati wake: wema ni wema mno, wapenzi wanajibizana kana kwamba kuna hadhira nyuma ya pazia. Lakini kuna mahali mwanzoni ambapo Stephen Brice, kijana aliyehamia kutoka Boston kusomea sheria, anasimama kwenye mnada wa watumwa, anamwona msichana mmoja akinadiwa, na anatumia fedha zake chache kumnunua ili amwache huru. Ni tukio la kubuni. Hakuna rekodi yake popote. Na bado nilipolimaliza niliweka kitabu chini nikatoka nje, kitu ambacho kitabu cha safari ya treni, chenye mambo yote yaliyotokea kweli, hakikunifanyia.

Nisieleweke vibaya. Sisemi riwaya inasema kweli kuliko historia. Hayo ni maneno ya watu wanaotaka kuuza riwaya. Nasema tunavisoma kwa macho mawili tofauti. Hadithi tunaisamehe, historia tunaidai. Nikiwa na hadithi mkononi naliruhusu pengo, nalijaza mwenyewe. Nikiwa na historia mkononi nataka kujua nani alikuwepo, nani alimwambia, tarehe ngapi. Ndiyo maana wajina wawili, mmoja wa hadithi na mmoja wa historia, wanaweza kutuvuruga kuliko wawili wa hadithi. Jalada limetuahidi ushahidi, kumbe tunapewa ndoto, au tumeahidiwa ndoto tukajikuta tunapewa ushahidi.

Hatuna haja ya kwenda Marekani kuliona hili. Simama mbele ya vitabu vya Kiswahili katika maktaba yoyote kubwa, uanze na jina Mohamed. Yupo Mohamed Said Abdulla, Mzanzibari aliyezaliwa mwaka 1918, baba wa riwaya ya upelelezi kwa Kiswahili, aliyetuletea Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Yupo Said Ahmed Mohamed, naye wa Visiwani, aliyezaliwa mwaka 1947, mwenye Utengano na Dunia Mti Mkavu. Yupo Mohamed Suleiman Mohamed, mwenye Kiu na Nyota ya Rehema. Na yupo Mohamed Said wa Dar es Salaam, ambaye si mtunzi wa riwaya hata kidogo: ni mwandishi wa historia, aliyetoa mwaka 1998 kitabu cha maisha ya Abdulwahid Sykes na harakati za siasa za Tanganyika, na ambaye hadi leo huzua mjadala mkali kila anapogusa nani alianzisha nini kabla ya uhuru.

Mwambie mwanafunzi, "Nenda kaniletee kitabu cha Mohamed Said." Anaweza kurudi na Bwana Msa. Hajakosea kusoma, Mohamed Said limeandikwa pale pale mgongoni, amekatisha tu kabla ya Abdulla. Alitumwa kumleta mwanahistoria wa Gerezani na mitaa ya Kariakoo, amerudi na mpelelezi wa Unguja.

Mambo huharibika zaidi kwenye orodha za maktaba zilizotengenezwa kwa desturi ya Ulaya, ambako jina la mwisho ni la ukoo na ndilo linalotangulia. Kwetu jina la mwisho mara nyingi ni la babu. Kwa hiyo Said Ahmed Mohamed anawekwa chini ya Mohamed, na ukitazama orodha bila kujua, babu ndiye anayeonekana kaandika Utengano. Marehemu babu huyo angeshangaa. Wakati huohuo Mohamed Said anakwenda chini ya Said, ambalo ni jina la baba yake, na Mohamed Said Abdulla anapanda juu kabisa kwenye A. Watu waliofanana majina wanatawanywa, wasiofanana wanakusanywa.

Wakutubi wana dawa yao, na ni dawa nzuri. Wanaweka miaka. Maktaba ya Bunge la Marekani humwandika mmoja Churchill, Winston, 1871 hadi 1947, na mwingine Churchill, Winston, 1874 hadi 1965. Siku hizi kuna hata namba za kimataifa za waandishi, tarakimu 16 kila moja, ili kompyuta isimlipe mfugaji kuku fedha za mwana fasihi. Mimi sina ugomvi na namba. Ila namba humsaidia anayetafuta akiwa tayari anajua anamtafuta nani. Aliyesimama barazani Posta ana jalada tu, na neno la muuzaji.

Nikimfikiria yule Mmarekani, simfikirii katika miaka yake ya kupendwa. Namfikiria mwaka 1940. Ni mwaka aliotoa kitabu chake cha mwisho, The Uncharted Way, nacho hakikuwa riwaya; kilikuwa cha tafakuri ya dini, na hakikupata wasomaji wengi. Na ni mwaka uleule ambao wajina wake wa Uingereza alishika uwaziri mkuu, na redio za dunia nzima zikawa zinalitaja jina Winston Churchill asubuhi na jioni. Mzee wa karibu miaka sabini anasikia jina lake kwenye kila kituo, na halimhusu. Wakati mmoja alikuwa amekubaliana na kijana fulani alitumie, akiongeza neno moja katikati. Mwaka 1953 Tuzo ya Nobel ya fasihi ikaenda kwa Winston Churchill. Si kwa mtunzi wa riwaya, bali kwa mwandishi wa historia na hotuba. Huyo, kwa riwaya yake moja, aliwahi kuandika kwamba aliwaomba rafiki zake wasiisome.

Sijapata popote kwamba Mmarekani alilalamika. Ningekuwa mimi, ningelalamika. Ningekaa pale kijiweni nikawaeleza vijana kwamba mimi ndiye wa kwanza, kwamba huyo mnayemsikia aliniandikia mwenyewe kwamba ataongeza jina, na barua ninayo. Pengine yeye aliona mapema kitu ambacho sisi tunaoandika huchelewa kukiona: wa kwanza na wa pili ni mpangilio wa siku, na jina alilopewa na wazazi wake halikuwa limeandikwa "kwa matumizi ya mtu mmoja". Kazi yake ilikuwa vitabu vyake. Vipo. Anayetaka ataviona, hata kama ni kwa bei ya huyo mwingine.

Kwa hiyo nina ombi kwa mwenzangu ambaye mswada wake uko njiani kwenda kiwandani, hasa kama jina lako ni Juma Ali, Fatuma Hassan, John Joseph au Mohamed yeyote. Weka majina matatu kwenye jalada, na usimwachie mchapishaji akufupishie kwa kisingizio cha nafasi. Chini yake andika wazi kama ni riwaya au ni historia. Kwenye ukurasa wa hakimiliki tia mwaka wako wa kuzaliwa, hakuna anayekuchumbia. Kisha fanya kazi ambayo wengi hawaifanyi: ingia maktaba, uliza wauza vitabu, utafute kama kuna mwingine anayeandika kwa jina hilo. Ukimpata, mpigie au mwandikie kabla kitabu hakijatoka, mkubaliane nani ataongeza nini. Na kama wewe ndiye mdogo, ongeza wewe.